Nekoye na Nondo wa Kahawa

Selpha Nekoye aliposhuka gari moshi katika stesheni ya Ruiru, mwaka wa 1951, alikuwa ameshika viatu mkononi. Vilikuwa viatu vipya, vya kwanza maishani mwake, na tangu Kimilili alikuwa amevilinda visije vikachakaa kabla mumewe hajaviona. Boaz, mumewe, alimtazama miguu, akatazama viatu, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Sasa Mama Nanjala, umeinunulia mikono?"

"Nilitaka uvione vikiwa vizima, Baba Nanjala."

"Basi nimeviona. Vaa twende, njia ina miiba."

Boaz alikuwa ametangulia miezi minane kabla yake. Alikuwa amepata kibarua cha kubeba bomba la dawa katika shamba la kahawa la mzungu mmoja, kando ya mto Ndarugu, katikati ya Ruiru na Thika. Wafanyakazi walimwita mzungu huyo Bwana Miwani, maana bila miwani yake hakumtambua hata mbwa wake. Mtoto wao wa pekee, Nanjala, walikuwa wamemwacha kwa bibi yake. Walikusudia kukaa miaka miwili tu, wapate mabati ya nyumba, warudi. Lakini walikaa minane, na miaka hiyo minane ndiyo Nekoye alikuja kuikumbuka kuliko mingine yote aliyojaliwa.

Siku ya tatu alipewa kikapu na kupelekwa kuchuma kahawa. Nyapara, mtu mrefu wa kutoka Alego aliyeitwa Omondi, alimweka mstari mmoja na mwanamke Mkikuyu jina lake Warigia. Warigia alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye pengo la meno ya mbele na sauti kubwa ya kuimba nyimbo za kanisani. Alikuwa amezaliwa papo hapo shambani, babake akiwa miongoni mwa waliong'oa visiki kahawa ilipopandwa mara ya kwanza. Hakuhitaji kuangalia alipokanyaga. Vidole vyake vilichuma kahawa nyekundu na kuacha ya kijani huku yeye akitazama kwingine kabisa.

"Wewe mgeni," alimwambia Nekoye asubuhi ile, "kuja nikuonyeshe wenye shamba."

Nekoye alidhani anapelekwa kumwona mke wa Bwana Miwani. Akaanza kujipangusa mikono kwenye leso. Warigia alichuma jani moja lenye baka la rangi ya kahawia, kama lililochomwa na kaa la moto, akalikunja polepole. Ngozi ya juu ya lile baka ikapasuka. Ndani, katikati ya tumbo la jani, mlikuwa na funza watano weupe, wadogo, wamelala bega kwa bega.

"Haya ndiyo wenyewe. Mzungu anafikiria ni yake."

Kisha akageuza jani jingine na kumwonyesha kitanda cheupe cha uzi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kimetandazwa upande wa chini. Mwishowe akatikisa tawi taratibu. Hapo ndipo Nekoye alipomwona nondo mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alikuwa mweupe wa kung'aa kama fedha, mfupi kuliko punje ya mchele, na ncha ya mbawa zake ilikuwa na kidoa cheusi kilichoonekana kama mtu amemgusa kwa ncha ya kalamu. Aliruka hatua mbili, akajificha chini ya jani jingine kwenye kivuli, akatulia.

"Sisi tunaita kihuruta," Warigia alisema. "Mchana analala chini ya jani. Jua ikianza kushuka anatoka, anataga juu ya jani, mayai ndogo huwezi kuona. Funza anaingia ndani anakula. Akishiba anashuka na uzi, anatandika kitanda, analala. Siku chache tu, ni kihuruta tena."

"Nani alikufundisha yote hayo?"

"Nani angenifundisha? Nimechuma kahawa tangu niko na miaka saba. Macho haina kazi ingine."

Warigia alimfunza na jambo moja zaidi. Omondi alikuwa amewaamuru wanawake wachume kila jani lenye baka na kulitia motoni. Warigia alikuwa akiyachagua. Baka zima alilitupa kikapuni. Lakini baka lenye tundu dogo la duara, kama lililotobolewa kwa sindano, aliliacha mtini. "Mle ndani kuna nyigu mdogo sana," alisema. "Anakula funza. Ukichoma jani, umechoma askari wako." Babake ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na wanawake wengine walimcheka, lakini mistari ya chini, ile iliyokaribia mto, ambayo Warigia aliitunza kwa desturi hiyo, ilikuwa na majani ya kijani mwaka mzima.

Wakawa marafiki. Jumapili walikwenda kanisani pamoja, kila mmoja akiimba kwa lugha yake kwa sauti ileile moja. Mvua za kwanza ziliponyesha na kahawa ikachanua, shamba lote likawa jeupe kwa siku tatu, harufu yake ikifika hadi kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Warigia alimpeleka Nekoye juu kwenye tuta ambako Kilimambogo kilionekana upande mmoja na mlima wenye theluji upande wa pili, wakakaa hapo wakila viazi vitamu vya baridi. Miaka mingi baadaye, kila harufu ya ua jeupe ilimrudisha Nekoye kwenye tuta lile.

Mwaka wa 1952, Wakikuyu wengi walipoingia msituni kupigana na serikali ya wazungu, ikatangazwa hali ya hatari. Mwanzoni shambani mambo yaliendelea, ila watu walipunguza sauti. Kisha, asubuhi moja ya mwaka wa 1954, wakati wa mvua za masika, malori matatu ya askari yaliingia. Wakikuyu wote waliamriwa kutoka na walichoweza kubeba. Watu waliokuwa wamezaliwa pale, na waliokuwa na makaburi ya wazazi wao pale, walipandishwa malorini kama magunia kupelekwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki huko juu. Nekoye alikimbia kutoka mstarini akiwa bado na kikapu kiunoni. Alimkuta Warigia ameshapandishwa, amekumbatia sufuria na Biblia.

"Warigia! Wanakupeleka wapi?"

"Wanasema Gatundu. Sijui. Nekoye, usilie, utawafanya wakuangalie vibaya. Rudi kazi."

Lori likaondoka. Nekoye alirudi mstarini, akachuma hadi jioni, wala hakujua alichuma nini.

Wiki iliyofuata wafanyakazi wapya waliletwa kutoka magharibi na kutoka Ukambani, na nyumba zikagawanywa. Boaz na Nekoye walipewa nyumba ya Warigia, kwa sababu ilikuwa kubwa kidogo na Boaz alikuwa mfanyakazi wa siku nyingi. Boaz alifurahi, akashikwa na haya kwa kufurahi kwake. Nekoye aliingia akakuta stuli mbili, chungu, na kamba ya nguo iliyofungwa kwa ustadi kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuhamisha chochote. Mwezi mzima alilala usingizi wa mgeni, na kila alipofagia aliacha pembe moja bila kuigusa, kama mtu anayemwekea mwenzake nafasi.

Mwaka uliofuata Bwana Miwani alinunua dawa mpya. Ilikuja kwenye mikebe yenye picha ya fuvu, na ilinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Boaz na wenzake waliibeba mgongoni kwa mabomba, bila glavu, wengi wakiwa kifua wazi kwa sababu ya joto. Kwa wiki mbili shamba lilionekana limepona. Nondo hawakuonekana kabisa, Omondi akatamba. Kisha Nekoye akaanza kusikia kimya.

Hakukuwa na nyuki kwenye maua. Hata wale nyigu wadogo, ambao ukikaa tuli uliweza kuwaona wakitembea juu ya mabaka, walikuwa wametoweka. Mwezi wa pili nondo wakarudi. Safari hii hawakuja mmojammoja. Ukigusa mti walipaa kama unga uliopulizwa, wakaingia machoni na puani, wakajibandika kwenye jasho la shingo. Majani yakawa ya kahawia kuanzia chini hadi juu, yakaanguka, miti ikabaki fito. Bwana Miwani akaamuru dawa iongezwe. Ikaongezwa. Nondo nao wakaongezeka.

Adhuhuri moja Boaz alionekana amepiga magoti kando ya tangi la maji. Mate yalikuwa yakimtoka, mikono inatetemeka, na mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama nukta. Nekoye aliitwa. Alimvua nguo zote mbele za watu, akamwosha kwa sabuni kuanzia kichwani, kwa sababu alisikia ile harufu ya saumu ikitoka kwenye ngozi yake. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Omondi, ambaye siku zote alikuwa mkali, alikimbia mwenyewe kutafuta gari. Walimfikisha hospitalini Thika akiwa hajui jina lake.

Siku tisa Nekoye alilala sakafuni kando ya kitanda chake. Siku ya kumi Boaz alifumbua macho, akasema, "Viatu vyako viko wapi?" Nekoye akatazama miguu yake mwenyewe. Alikuwa amekuja peku, hata hakukumbuka. Akacheka, kisha akalia, kisha akatoka nje kwenda kumalizia kulia huko.

Daktari alisema Boaz asiguse dawa ile tena maisha yake yote. Alipewa kazi ya kuanika na kugeuza kahawa kwenye vitanda vya kukaushia, kazi ya wazee, na hakuwahi kupata tena nguvu zake za zamani.

Nekoye aliyerudi kutoka Thika hakuwa yule aliyekuwa akikwepa macho ya nyapara. Siku ya kwanza kazini alimwendea Omondi.

"Bwana Omondi, hii dawa haiui nondo. Inaua anayemla nondo."

"Nani amekwambia?"

"Nenda ukaone mistari ya chini, kule mtoni, ambako mabomba hayafiki kwa sababu ya mteremko. Hakujapigwa dawa hata tone. Majani ni mazima."

Omondi alifikiri kidogo. "Mama, mimi naambiwa piga dawa, napiga dawa. Lakini Alhamisi kuna mtu anakuja kutoka kituo cha utafiti, mtu wa wadudu. Nitakuweka mstari ambao atapitia. La kusema ni juu yako."

Mtu wa wadudu alikuwa Mkamba mwembamba aitwaye Muasya, mwenye kofia kubwa na mkoba wa ngozi uliojaa vichupa. Alikuwa akikunja majani na kuandika kitu kwenye daftari. Nekoye alimngojea afike mtini pake, kisha akasema yote kwa pumzi moja: nondo, funza, tundu la duara, nyigu, mistari ya chini, Boaz. Muasya hakucheka. Aliondoa kofia.

"Mama, nani amekuonyesha tundu la duara?"

"Rafiki yangu, Warigia. Alichukuliwa."

"Sawa," alisema Muasya. "Basi tumjaribu rafiki yako. Una vioo vya taa?"

Walikusanya vioo vinane vya taa ya mafuta kutoka laini nzima. Wakatia ndani yake majani yenye mabaka, vioo vinne vya majani ya mistari ya juu iliyopigwa dawa, vinne vya majani ya mtoni, wakafunga midomo yote miwili kwa kitambaa chepesi na kuvipanga kwenye kivuli cha stoo. Wafanyakazi walipita wakitikisa vichwa. "Nekoye anafuga nondo sasa," walisema. "Wengine wanafuga kuku."

Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda kuvitazama. Alizoea kuwaona nondo wakitoka, wakiwa na mbawa zilizolowa kidogo, wakisimama wima kwenye kioo kana kwamba wanasubiri kuambiwa pa kwenda. Hapo ndipo, bila kukusudia, alipoanza kuwapenda. Aliona haya kwa hilo, maana ni hawa walioleta dawa, na dawa ndiyo iliyomwangusha mumewe. Lakini akawaza kwamba nondo hakumtuma mtu kununua mikebe.

Muasya aliporudi siku ya kumi na mbili, vioo vinne vya juu vilikuwa na nondo watupu. Vya mtoni vilikuwa na nondo watatu tu, na nyigu wadogo weusi zaidi ya ishirini, wakitembea wima kwenye kioo kama watu wenye shughuli. Muasya alimwita Bwana Miwani. Mzungu alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akainama kwenye vile vioo muda mrefu.

"Nani alifanya?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Huyu mama," Muasya alisema.

Bwana Miwani hakumsifu Nekoye, wala hakumwomba Boaz msamaha. Alisema tu kwamba nusu ya shamba ikae bila dawa msimu mmoja, waone. Msimu ule ulikuwa mrefu. Miezi ya kwanza nusu ile iliharibika vibaya kuliko kawaida, na Omondi alikuwa akimtazama Nekoye kwa jicho la huruma. Lakini mvua fupi zilipoanza, majani mapya yalitoka na kubaki. Nyuki walirudi. Kabla ya mwaka kwisha mikebe ya fuvu ilifungiwa stoo.

Muasya akamwombea kazi kituoni. Tangu mwaka wa 1956 Nekoye alikuwa akizunguka mashambani kuanzia Ruiru hadi Thika akikusanya majani. Alijifunza nondo anapenda wapi: miti minene iliyosongamana, vivuli vya mivinje, mahali palipofunikwa nyasi za nepia chini, maana funza aliyeanguka alitandika kitanda chake kwenye nyasi zile salama. Siku moja Muasya alimwonyesha kitanda cha uzi kwa kioo cha kukuzia. Kilikuwa kimenyooshwa pande mbili na kuunganishwa katikati.

"Unaona hii? Hii ni herufi. Inaitwa H."

Nekoye hakuwahi kukaa darasani. Alichukua kijiti, akaiandika mchangani, akaifuta, akaiandika tena. Kufika Krismasi alikuwa amejua herufi zote, na barua ya kwanza aliyoandika kwa mkono wake ilikwenda Kimilili kwa Nanjala. Ilikuwa na maneno kumi na moja, na mawili kati yake yalikuwa yamekosewa.

Hizo ndizo asubuhi alizozitamani sana baadaye: ukungu wa Ndarugu, umande unaolowesha leso hadi magotini, Boaz akigeuza kahawa kwenye vitanda huku akipiga mluzi, na yeye akigeuza jani baada ya jani kutafuta kitu cheupe kisichozidi punje ya mchele.

Alimwona Warigia tena mwaka wa 1958, katika soko la Thika. Ni sauti aliyoitambua kwanza. Warigia alikuwa akiuza maharagwe, amekonda, nywele zimeanza mvi, na viganja vyake vilikuwa vimekauka kwa miaka ya kuchimba mahandaki. Walishikana bila kuachiana, hata wateja wakaanza kunung'unika.

Baadaye, wamekaa kwenye magunia, Nekoye alisema lile lililokuwa likimsumbua kwa miaka minne.

"Warigia, sisi ndio tuliopewa nyumba yako. Nimelala ndani yake."

Warigia alipepeta maharagwe kidogo, akatupa jiwe.

"Najua. Watu waliniambia. Nilikasirika, sitaki kudanganya. Mwaka mzima nilikasirika." Akapepeta tena. "Halafu nikasema, nyumba lazima ilalwe na mtu. Bora wewe kuliko panya."

"Stuli zako zipo. Sijazihamisha."

"Haiya! Miaka minne haujakaa kwa kiti?"

Nekoye alianza kucheka, Warigia akafuata, mpaka wakaegemeana. Kisha Nekoye akamsimulia habari za vioo vya taa, na kwamba kituoni kuna daftari lenye maneno ya babake Warigia, ingawa jina lake halikuandikwa. Warigia alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu, iwapo yule mzungu alijua maneno yale yalitoka kwa nani.

"Muasya alimwambia. Sijui kama alisikia."

"Si neno," alisema Warigia. Lakini alirudia kupepeta maharagwe yaliyokuwa safi tayari.

Jumamosi iliyofuata Nekoye alimpelekea stuli zake hadi sokoni, moja kichwani, moja mkononi, na tangu siku hiyo hawakupoteana tena.

Mwaka wa 1959 kifua cha Boaz kikazidi kubana wakati wa baridi, akasema anataka kuzeeka kwao. Nekoye alilia siku mbili, akafunga mizigo siku ya tatu. Muasya alimpa barua ya kumsifu na kioo kidogo cha kukuzia. Warigia aliwasindikiza stesheni na kuwatilia kikapuni njahi za kuchemsha, yale maharagwe meusi ya kwao. Gari moshi lilipoanza kutembea alitembea nalo hadi mwisho wa jukwaa, akiimba kwa sauti yake kubwa, bila kujali askari wa stesheni waliomgeukia.

Kimilili walimkuta Nanjala msichana mrefu aliyewaamkia kwa haya, ikamchukua miezi mingi kuwazoea. Boaz alipata nafuu katika hewa ya mlimani, akapanda kahawa kidogo kama majirani walivyoanza kufanya miaka ile, na Nekoye akaitunza apendavyo. Jioni alizoea kukaa barazani akimhadithia Nanjala habari za tuta, na za mama mmoja mwenye pengo.

Kanisani watu walipomuuliza alikuwa akifanya kazi gani huko Ruiru, Nekoye alijibu kwa ukweli wake wote, "Nilikuwa nafanya kazi ya nondo." Wao walijua nondo za chuma tu, zile za kujengea maghorofa. Mamake Boaz akawa akitembea kijiji kizima akieleza kwa majivuno jinsi mkaza mwana wake alivyokuwa akikunja vyuma kwa mikono mitupu na kuwajengea wazungu nyumba za Thika. Boaz alitaka kumsahihisha mamake. Nekoye alimkanyaga mguu chini ya benchi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwache mama. Hajawahi kujivunia mimi hivi."